Ng'ombe Vashti na Joho Lililolia

Hapo zamani, zamani ile ambayo wenye mali walikuwa bahili na maskini walikuwa na njaa, kwa hiyo msiende mbali sana kuitafuta, palikuwa na kijiji kiitwacho Masingani. Watu wake walikuwa Wayahudi. Msinitolee macho. Walikuwa weusi kama mimi, walilima ndizi na maharage kama majirani zao, ila Ijumaa jua likizama waliweka jembe chini mpaka kesho yake jioni, nyama ya nguruwe hawakuionja, na Torati waliijua kuliko walivyojua majina ya wajukuu zao.

Katika kijiji hicho aliishi mjane jina lake Hulda. Hulda alikuwa na vitu vitatu: gauni moja, ulimi mmoja na mjukuu mmoja. Gauni lilikuwa limechakaa. Ulimi ulikuwa mpya kabisa. Mjukuu aliitwa Sefora, kitoto cha kubeba, ambaye mama yake, binti wa pekee wa Hulda, alifariki siku ya kumzaa. Hulda alimlilia binti yake mpaka akaishiwa machozi. Kisha akakumbuka kwamba mtoto mchanga hanyweshwi machozi, hunyweshwa maziwa, na maziwa yote ya Masingani yalikuwa ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Menahemu, mwenye kinu cha kusagia nafaka na mwenye zizi. Tumbo lake lilitangulia kufika kila alikokwenda, likapewa kiti, ndipo yeye akafika. Hulda alimpalilia maharage kutwa nzima, na jioni akapewa kibuyu cha maziwa, meupe kwa mbali.

"Mzee Menahemu," Hulda akauliza siku moja, "ng'ombe wako hukamuliwa akiwa anaogelea?"

"Shukuru, Bi Hulda," Menahemu akajibu. "Kuna wasiopata hata hayo."

Hulda akashukuru. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa ameinama mwaka mzima.

Sasa, Wayahudi wana sikukuu iitwayo Purimu. Siku hiyo hukumbuka jinsi Hamani, waziri mwovu wa Uajemi, alivyopanga kuwaangamiza wote, na jinsi malkia Esta, aliyekuwa ameficha kabila lake ndani ya nyumba ya mfalme, alivyojifunua na kuwaokoa. Kwa kuwa Esta alijificha, watu nao hujificha. Huvaa barakoa, hujigeuza wafalme na majambazi, husikiliza Kitabu cha Esta kikisomwa, na kila likitajwa jina la Hamani hutikisa kayamba ili lisisikike. Kisha hula, hunywa na hugawa. Na katika kugawa kuna sheria moja tamu kuliko asali: siku ya Purimu, anayenyoosha mkono hupewa. Haulizwi ni nani. Haulizwi ana shida gani.

Wazee wa Masingani waliongeza lao. Walisema kila mtu avae barakoa, tajiri na maskini, ili mwenye kuomba asijulikane wala asione haya. Wazo zuri sana. Ila kijiji kilikuwa kidogo, na Hulda hata angevaa barakoa tatu, gauni lake lilijulikana toka ng'ambo ya mto. Watu walimpa, ndiyo, sheria ni sheria. Walimpa kilichobaki, pamoja na mawaidha.

Menahemu naye alikuwa na ukarimu wake. Kila Purimu alitoa zawadi ya ng'ombe wa maziwa kwa yeyote atakayejigeuza hata asijulikane na mtu mpaka jua lianze kushuka. Ng'ombe aliitwa Vashti, jina la yule malkia aliyeitwa na mfalme mbele ya wageni akakataa kwenda, maana ng'ombe huyu pia, akiwa hataki, hakuvutika kwa kamba. Na nani alikuwa akishinda kila mwaka? Menahemu. Alijigeuza ombaomba. Matambara yake yalishonwa na fundi wa mjini, viraka vya hariri, na akatembea akichechemea huku akinukia mafuta ya nywele. Watu wakashika vichwa: "Jamani, huyu ni nani? Ametokea wapi maskini wa Mungu?" Na wale waliokuwa na mahindi kinuni walishangaa zaidi kuliko wengine. Basi Vashti alitoka zizini asubuhi, akapigiwa makofi, na jioni akarudi zizini kwake. Ng'ombe yule alitunukiwa mara nyingi kuliko jemadari, na hakuwahi kulala ugenini.

Mwaka ninaousimulia, siku chache kabla ya sikukuu, wanawake walikuwa kinuni wakisubiri unga. Mmoja akasema mwaka huu sijui Mzee atakuja na sura gani. Hulda akasema, bila kujua Menahemu yuko nyuma ya magunia, "Ataleta ileile. Maskini mwenye visigino vinavyong'aa. Mimi maskini wa namna hiyo natamani kuwa." Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Menahemu akasikia kicheko chote, na kikamwingia. Alikuwa ameshinda miaka yote hiyo, na hapo ndipo alipojua kwamba hajawahi kushinda.

Sabato ikafika. Rabi Gershomu, mtu wa ndevu nyingi na maamuzi machache, akawasomea sheria za kujigeuza. "Msichanganye sufu na kitani katika vazi moja," akasema. "Hata Purimu. Torati haina likizo. Tena, msivae sura ya jirani ili kumwaibisha."

"Na mwanamume kuvaa vazi la mwanamke, Rabi? Au mwanamke la mwanamume?" mtu mmoja akauliza.

Rabi akakohoa. "Torati imekataza. Lakini wapo wazee walioruhusu siku ya Purimu, kwa kuwa ni furaha tu, hakuna nia mbaya. Na wapo wazee waliokataza hata kwa furaha."

"Na hapa Masingani?"

"Nani anauliza?" akasema Rabi.

Watu wakaelewa.

Asubuhi ya Purimu, kabla umande haujakauka, Hulda akasikia hodi. Alikuwa anamnywesha Sefora uji mwepesi, maana kibuyu kilikuwa kimekauka tangu jana. Akafungua, akamkuta Menahemu amesimama na joho lake la Sabato, lile joho zito la sufu lenye kola pana, mkononi kashika barakoa ya ngozi.

"Bi Hulda, nipe gauni lako."

"Lipi?"

"Hilo ulilovaa. Na kitambaa cha kichwa, na kapu. Leo nataka kuwa maskini wa kweli."

Hulda akamtazama. "Karibu, Mzee. Nafasi zipo. Na mimi nivae nini?"

"Wewe una safari gani?"

"Nina safari ya sinagogi kusikiliza Kitabu cha Esta. Mwanamke ana wajibu huo kama mwanamume. Esta alikuwa mwanamke, kama hukuwahi kugundua."

"Ulikisikia mwaka jana," Menahemu akasema. "Hakijabadilika. Kaa ndani, jifunike blanketi, jioni nitarudisha gauni na debe la unga juu yake." Kisha akaongeza polepole, "Na maharage bado yanataka kupaliliwa, Bi Hulda. Au umechoka na kazi?"

Hapo Hulda akahesabu moyoni. Akikataa, kesho hakuna kibuyu. Akikubali, leo hakuna Purimu, na Purimu ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo angeweza kunyoosha mkono bila kuulizwa. Kitoto kikamnyonya kidole. Akaenda nyuma ya pazia, akalivua gauni, akalirusha juu ya pazia.

Menahemu akajifunga tumbo kwa shuka, akalivaa gauni, akapinda mgongo kama Hulda anavyoinama, akajipaka tope miguuni mpaka visigino. Joho lake, kofia yake na barakoa yake ya ngozi akavitundika ukutani, akachukua ile ya Hulda ya maganda ya mgomba. "Usiguse," akasema. Akatoka.

Hulda akakaa na blanketi lake. Kutoka sinagogi akasikia watoto wanajaribu kayamba. Akajiambia: Torati imemkataza mwanamke kuvaa vazi la mwanamume. Ni kweli. Na wazee wameniamuru nikasikie kitabu. Hiyo nayo ni kweli. Nikikaa, nimevunja moja; nikienda, nimevunja moja. Basi kama dhambi ni moja huku na moja kule, afadhali ile yenye chakula.

Akalishusha joho. Likawa pana, angeweza kuingia na dada yake. Angemwacha wapi Sefora? Akamfunga kifuani kwa blanketi, chini kidogo, akafunga vifungo vya joho juu yake. Akajitazama katika maji ya mtungi. Akaona tumbo. Akavaa kofia na barakoa, akatoka nje, tumbo likamtangulia.

Njia nzima watu walisimama kumwamkia. "Shikamoo, Mzee!" "Sikukuu njema, Mzee!" Mwanamume ambaye tangu matanga ya binti wa Hulda hajawahi kumsalimu alivuka barabara ili amsalimu. Sinagogini, Rabi mwenyewe alimshika mkono akamketisha mbele, upande wa wanaume. Hulda, ambaye miaka yote alisikiliza nyuma ya pazia la wanawake na kupata nusu ya maneno, akasikia Kitabu cha Esta kizima kwa mara ya kwanza. Alifurahi hata akasahau kuogopa. Na Sefora alilia mara kadhaa, lakini alilia kila kayamba zilipopigwa, maana ndizo zilizomwamsha, kwa hiyo hakuna aliyemsikia. Mtoto yule alimlaani Hamani kwa wakati wake kuliko watu wazima wengi.

Baada ya kusoma, watu wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Hulda akafika mlango wa kwanza. Akanyoosha mkono.

Wenye nyumba wakatazamana, kisha wakaangua kicheko. "Oneni! Mzee mwaka huu anaomba akiwa na joho! Ama kweli huyu mtu ana vituko!" Wakamletea kuku mzima wa kuchoma, kapu alimobebwa wakamwachia, na mikate ya pembe tatu iliyotoka motoni. Mlango wa pili, asali. Mlango wa tatu, mayai, na mwenye nyumba akamnong'oneza, "Mzee, lile gunia langu la mtama, usinisahau." Mkono uleule, vidole vilevile vyenye sugu ya jembe. Hakuna aliyevitazama vidole.

Kisha akaliona gauni lake.

Lilikuwa limesimama mbele ya mlango wa nyumba kubwa ya Menahemu, limeinama, na aliyefungua ni Bi Tirza, mke wa Menahemu, mwanamke mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza sentensi mbele ya mumewe. Hulda akasimama kando, akasikia yote.

"Ni wewe tena, Hulda," Bi Tirza akasema. "Kila mwaka wewe tu. Mikono unayo, miguu unayo. Mungu humsaidia anayejisaidia. Haya, shika." Akatoa kipande cha mkate mkavu na maharage yaliyopoa juu ya jani. "Shukuru. Kuna wasiopata hata hayo."

Mlango ukafungwa. Hulda akajiona kwa nje, namna watu wanavyomwona: mgongo umepinda, mkono bado uko hewani baada ya mlango kufungwa. Alikuwa amesimama mahali pale miaka mingi na hakuwahi kujua kwamba anaonekana hivyo. Ilimuuma. Angetaka kulia, lakini mle ndani ya joho mlikuwa na anayelia tayari.

Wakakutana kwenye kijia nyuma ya migomba, joho na gauni. Menahemu akalijua joho lake.

"Hulda! Nilikwambia ukae ndani!"

"Paza sauti, Mzee," Hulda akasema. "Nitapoteza kuku, na wewe utapoteza ng'ombe."

Menahemu alikuwa amejinyima chakula tangu jana ili gauni limwingie, na siku nzima alikuwa amepata vipande vitatu vya mkate na mawaidha ya kutosha mwaka. Akaliona kapu. Harufu ya kuku ikamfikia. Akanyoosha mkono.

"Basi nipe kidogo," akasema. "Nina njaa kweli. Sichezi."

Alinyoosha kiganja kikitazama chini, namna ya mtu aliyezoea kutoa, au kuchukua, si namna ya mtu anayeomba. Hulda akautazama mkono ule. Sheria ilikuwa wazi: anayenyoosha mkono siku ya Purimu hupewa, haulizwi. Kapu lilikuwa limejaa. Na ulimi wake, ule ulimi mpya, haukusema neno.

Akampita.

Jua likaanza kushuka. Kijiji chote kikakusanyika uwanjani, na Vashti akaletwa, pembe zimefungwa maua, chuchu zimejaa, maana asubuhi hakukamuliwa ili apendeze. Rabi Gershomu akasimama kutoa hukumu. Sasa, iko desturi kwamba siku ya Purimu mtu anywe mpaka asiweze kutofautisha kati ya kumlaani Hamani na kumbariki Mordekai, mlezi wa Esta. Katika sheria zote, hiyo ndiyo Rabi aliyoitimiza bila kukohoa. Alikuwa ameshikilia ng'ombe ili asianguke.

"Enyi watu wa Masingani!" akasema. "Miaka yote Mzee Menahemu alijigeuza maskini. Mwaka huu ametushinda akili. Amejigeuza Menahemu! Nani angemtafuta humo?"

Watu wakapiga makofi mpaka mikono ikawasha. Rabi akamwekea Hulda kamba mkononi. Hulda akaishika. Akafikiria maziwa ambayo hayajaonana na mto, akafikiria Sefora akinenepa mashavu.

Na hapo tumbo likalia.

Watu wakacheka kwanza. "Hata tumbo limejigeuza!" mmoja akasema. Tumbo likalia tena. Kisha kati ya kifungo na kifungo kikachomoza kimkono kidogo, kikashika hewa. Kicheko kikakatika.

"Menahemu ni mimi!" likapiga kelele gauni la Hulda kutoka nyuma ya umati. Barakoa ya maganda ya mgomba ikaruka, na chini yake akaonekana Menahemu, tope mpaka magotini, makombo ndevuni. "Mimi! Huyo ni mwizi wa joho!"

Hulda akavua barakoa ya ngozi. Alimtoa Sefora, akampandisha begani, na kamba hakuiachia.

Rabi akapata akili ghafla, au kitu kinachofanana nayo. Akalishika joho, akaigeuza kola, akachunguza nyuzi zake kwa macho yaliyobanwa. "Sufu," akasema. "Na kola imeshonwa kwa kitani! Mwanamke huyu amevaa kilichokatazwa na Torati! Zawadi imebatilika!"

"Rabi," Hulda akasema, "joho hili limekaa mbele yako kila Sabato tangu mvua zile za mafuriko. Leo ndiyo umeiona kola?"

"Sikuwahi kuitazama."

"Ulikuwa unatazama nini?"

Watu wakaanza tena kucheka, safari hii wakimtazama Menahemu, aliyekuwa amevunja Torati kila wiki akiwa kiti cha mbele. Menahemu akasukuma watu akaja mpaka kwa ng'ombe.

"Ng'ombe ni wangu," akasema. "Na sisemi kwa kuwa amezaliwa zizini kwangu. Sharti lilikuwa mtu asijulikane. Nani alinijua? Wewe? Wewe? Nimebisha milango ambayo mbao zake nilizitoa mimi. Nimefukuzwa. Mbwa wangu mwenyewe, niliyemlea kwa mkono huu, amenirarua shavu la mguu." Akainua gauni, wakaona damu. "Ningeweza kuvua barakoa saa yoyote nikala. Sikuvua. Miaka mingine yote nilishinda kwa uongo na mkanipigia makofi. Mwaka huu nimeshinda kwa kweli, na mwaka huu ndio mnataka kuninyima! Na huyu hapa, muulizeni. Nilimkuta kwenye migomba, nikamjua, nikamnyooshea mkono nikiwa na njaa, kapu lake limejaa, siku ya Purimu. Alinipita!"

Watu wakaguna. Kosa hilo halikuwa dogo.

"Ni kweli," Hulda akasema. "Nilimpita. Ningesema sijui kwa nini, lakini najua. Na ng'ombe ni wangu. Yeye anasema hakujulikana. Watu walimjua vizuri sana. Walimjua kuwa ni Hulda, na wakampa anachopewa Hulda. Aliazima sura yangu pamoja na njaa yangu, na jioni angeitundika ukutani akaenda kula. Mimi nilikaa mbele ya Rabi, mbele ya wadeni na marafiki wa Menahemu, mchana kweupe, na hakuna aliyenijua. Kama ni vazi la mwanamume, yeye ndiye aliyelivua na kuniacha uchi siku ya amri ya kusikia kitabu. Kama ni kitani, yeye ndiye aliyekishona. Mordekai naye alivuliwa gunia akavikwa joho lisilo lake, na hamkumwambia alirudishe. Mmesoma leo asubuhi. Nilikuwa kiti cha mbele, nimesikia." Kisha sauti ikamshuka. "Na mtoto huyu hana mama. Hilo si hoja ya sheria. Nalisema tu."

Rabi akafungua mdomo. Lakini aliyesema si yeye.

"Ng'ombe ni wangu."

Watu wakageuka. Alikuwa Bi Tirza, hana barakoa, kavaa nguo zake za kila siku. Menahemu akasema, "Mke wangu, hii si..."

"Leo namaliza sentensi, mume wangu," Bi Tirza akasema. "Ulipobisha mlangoni nilikujua. Ulinyoosha mkono kiganja chini. Hakuna maskini anayeomba hivyo. Nilikujua, na nikakupa mkate mkavu, na kila neno nililokwambia ni lako. Ni maneno uliyonifundisha nimwambie Hulda. Uliyasikia, na hukujua kuwa nakujua. Kwa hiyo wewe ulijulikana, umeshindwa. Na huyu Hulda, wewe mwenyewe ulimjua kwenye migomba, kwa hiyo naye ameshindwa. Mimi je? Nani alinijua? Miaka yote hii nimevaa barakoa ya mke anayekubali. Nimetia maji kwenye maziwa yale kwa mkono wangu, na moyoni naapiza. Ninyi nyote mliniita Tirza mpole. Wenzangu wamevaa barakoa tangu asubuhi. Mimi sijaivua tangu niolewe. Hakuna mtu Masingani aliyejigeuza kama mimi."

Menahemu alimtazama mkewe kama mtu anayemwona jirani mgeni. Kisha Hulda akasema, polepole, bila hasira:

"Yote hayo nayaamini, Bi Tirza. Lakini mkate ulikuwa mkavu vilevile. Na maziwa yalikuwa maji vilevile."

Bi Tirza akainamisha kichwa.

Watu wakamgeukia Rabi. Rabi akamtazama Menahemu, mwenye kinu. Akamtazama Hulda, mwenye mtoto. Akamtazama Tirza, ambaye sasa alijua mengi. Akapangusa ndevu.

"Sheria iko wazi," akasema.

"Inasemaje, Rabi?"

"Iko wazi kabisa," akasema Rabi, akakaa chini taratibu, akaegemea mguu wa ng'ombe, na akalala.

Basi Menahemu akashika pembe, akavuta. Tirza akashika mkia, akavuta naye. Hulda, mtoto begani, akavuta kamba. Vashti akakita kwato zake chini, kama yule malkia aliyeitwa akakataa, akawatazama wote kwa zamu. Hakwenda kwa yeyote. Maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kutoka kwenye chuchu zilizojaa, tone kwa tone, yakinywewa na mchanga.

Mimi nimewafikisha uwanjani, na nimekalisha ulimi wangu. Msiniulize mimi, na Rabi mwacheni alale, hukumu zake ni nzuri zaidi akiwa hivyo. Kuna aliyevaa njaa ya mwenzake mpaka ikamuuma, lakini angeivua jioni. Kuna aliyeng'aa ndani ya joho lisilo lake, lakini alipita mkono ulionyooshwa. Kuna aliyejificha kuliko wote, lakini alijificha nyuma ya mkate mkavu. Je, nani alistahili ng'ombe? Jibuni, na jibuni upesi, maana mchanga haubagui wala hauvai barakoa, unakunywa tu, na mtoto bado analia.